Mwanya wa Kicheko

Meneja wa hoteli hakumtukana. Hilo ndilo lililomuudhi Msusi, mama yake Kicheko, alipokuja kusimuliwa, maana mtu akikutukana angalau unajua pa kuanzia. Meneja alimwita Kicheko kutoka chumba cha kufulia, akamsimamisha kwenye meza ya mapokezi, vidole vyake vingali vimekunjamana kwa maji ya sabuni, akamkabidhi mkono wa simu ambao upande wa pili haukuwa na mtu, akasema, "Haya, mgeni amepiga. Mpokee."

"Karibu sana, nikusaidie nini?" alisema Kicheko.

Kila "s" ilitoka na mluzi. Haukuwa mluzi mkubwa, lakini wale dada wawili wa mapokezi waliusikia, na mmoja akainama chini ya meza akijidai anatafuta kalamu. Meneja yeye hakucheka. Alimtazama mdomoni taratibu, jinsi anavyokagua shuka lenye doa.

"Kichwa unacho," alisema. "Adabu unayo, na lugha za wageni unazijua kuliko hawa. Lakini mapokezi ndiyo uso wa nyumba, dada yangu. Huo mwanya kalamu inapita. Huyu mwenzako anaolewa, anaondoka mwisho wa mwezi ujao. Ukiuziba kabla ya hapo, nafasi ni yako. Ila usije na mavyuma mdomoni. Nikitaka chuma nitanunua geti."

Kicheko akasema ahsante. Ndiyo, alisema ahsante! Mnyonge hata akizabwa kofi hushukuru, mradi mkono uliomzaba umevaa saa nzuri. Kisha akarudi nyuma kupiga pasi foronya zilizobaki.

Jina la Kicheko alipewa na baba yake kabla hajaota hata jino moja, kwa sababu alikuwa mtoto wa kumchekea kila mtu, hata muuguzi aliyeshika sindano. Meno ya ukubwani yalipoota, yale mawili ya mbele ya juu yalikuja yameachana kama ndugu waliogombania shamba. Wanawake mtaani walimsifia, maana nani asiyejua kwamba mwanya ni urembo? Lakini mwanya wa urembo ni ule mwembamba. Huu wake ulikua naye, na alipofika miaka ishirini na miwili, sifa zilikuwa zimegeuka kuwa utani, na utani ulikuwa umefika mpaka kazini.

* * *

Nyumba yao ilikuwa ndogo, na kila mtu alikuwa na sehemu yake. Chumba cha mbele kilikuwa cha Msusi: viti viwili, kioo chenye ufa, rasta za rangi zote zimening'inia kwenye misumari. Uani kulikuwa kwa mumewe, fundi makochi, na fremu zake za mbao, sponji na makopo ya gundi. Katikati, sebuleni, ilikaa seti ya makochi ya rangi ya zambarau ambayo Fundi aliitengeneza kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe, baada ya miaka mingi ya mkewe kuwaambia wageni kwamba mke wa fundi makochi hukalia ndoo.

"Huyo meneja aseme tu hamtaki mtoto," alisema Fundi jioni ile, misumari midogo ikiwa katikati ya midomo yake. "Mwanya ule ni wa mama yangu. Watu walikuwa wanatoka mbali kuja kumwona mama akicheka."

"Walikuwa wanakuja kumdai," alisema Msusi.

"Mama Kicheko!"

"Haya, marehemu apumzike. Lakini mwanya wa mama yako ulikuwa dirisha. Huu wa mwanao ni mlango, tena hauna komeo."

Kicheko alicheka, na mara ile ile akaziba mdomo kwa kiganja. Zamani hakuwa anaziba. Fundi aliuona ule mkono, akatema misumari na kuiweka kwenye kopo.

"Wewe mwenyewe unataka uzibwe, mwanangu?"

"Baba, mimi nimechoka na mashuka," alisema Kicheko. "Mle ndani joto, mgongo hauna raha, dawa inanichubua mikono. Na kila nikiongea na mtu, anautazama mdomo, halisikii neno."

"Basi nendeni kwa daktari wa meno mkachague cha kufanya," alisema Fundi. "Mtoto wangu si wa kuziba mdomo kwa mkono."

* * *

Kwenye kliniki, dada wa dirishani aliuliza bila kuinua macho, "Mgonjwa ni nani?"

"Hakuna mgonjwa," alisema Msusi. "Tumekuja kuchagua."

"Hapa si duka la viatu, mama."

Watu waliokuwa kwenye benchi waligeuka, mashavu yao yamevimba, wakawatazama hawa wawili ambao hata maumivu hawana. Msusi alilipa ada ya kumwona daktari huku ameng'ata ulimi. Walikaa mpaka makalio yakafa ganzi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, macho mekundu kwa uchovu, barakoa imeshushwa kidevuni. Alimlaza Kicheko kwenye kiti, akamulika, akagonga jino moja moja kwa kijiti cha chuma, akapima mwanya kwa rula ndogo. Kisha akavua glavu na kueleza, na lazima tumtendee haki, alieleza vizuri.

"Meno yako mazima kabisa, hongera. Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kujazia. Naongeza dawa ngumu ya rangi ya jino pembeni mwa haya mawili, yanapanuka, yanakutana. Unatoka hapa leo umeziba. Ila kwa mwanya mpana hivi yatakuwa makubwa kama ya sungura, na ile dawa humeguka, utakuwa mgeni wangu kila mara. Ya pili ni vigamba vyembamba, vinabandikwa juu ya meno. Vinapendeza sana. Lakini lazima nilikwangue jino ambalo halina kosa lolote, na likishakwanguliwa ndiyo basi." Akataja bei ya vigamba, na Msusi akacheka kwa kudhani ni utani.

"Na ya tatu?" aliuliza Kicheko.

"Waya. Mwaka na nusu, pengine miwili. Ungekuwa mdogo wangu, ningekuwekea waya."

"Meneja wake hataki waya," alisema Msusi.

"Meneja wake ni wa hoteli, mama. Si wa meno."

Msusi alilipenda jibu hilo, akasogeza kiti. "Hebu nieleweshe basi. Hizo waya zinafanya nini hasa?"

"Zinavuta. Jino halijapigiliwa msumari. Ukilivuta kwa nguvu ndogo, muda mrefu, linasogea."

"Nguvu ndogo ya kitu gani?"

Daktari akafungua droo, akatoa kijiraba kidogo cha mviringo kisicho na rangi, akamwekea kiganjani. "Kama hiki. Kinalivuta jino hili liende kwa lile. Lakini sasa..."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Muuguzi alisema kuna mtoto ameng'olewa jino na damu haikatiki. Daktari akainuka na kutoka, na yale maneno ya baada ya "lakini sasa" akatoka nayo. Aliporudi, aproni yake ina madoa na mawazo yake yako kwa yule mtoto, aliwatajia tu kiasi cha kuanzia waya na jinsi ya kulipa kidogo kidogo, akaita mgonjwa mwingine.

Msusi alikuwa bado amekishika kile kijiraba. Alikivuta kati ya vidole viwili, akakiachia, akakivuta tena. Alikijua! Anazo pakiti nzima nzima za vitu hivyo hivyo, ndivyo anavyofungia ncha za nywele za watoto. Alijua vinavutika mpaka wapi, vinalegea baada ya muda gani, vinakatika vipi. Pakiti moja ilikuwa haifiki bei ya soda.

"Jamani," alimwambia binti yake walipofika barabarani. "Watu wanaibiwa mchana kweupe."

* * *

"Mimi nimechagua waya," alisema Kicheko jioni hiyo, wakiwa wote watatu wamekaa kwenye yale makochi ya zambarau.

"Na hoteli?" aliuliza baba yake.

"Nitabaki kwenye mashuka. Miaka miwili si milele, Baba. Kuna hoteli nyingine, kuna nafasi nyingine. Daktari amesema meno yangu ni mazima, sitaki yakwanguliwe."

Fundi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akapapasa mkono wa kochi, akapapasa tena, na mkewe akaelewa.

"Usithubutu," alisema Msusi.

"Ni mbao na sponji, Mama Kicheko. Nitatengeneza mengine."

"Haya yenyewe uliyaahidi tangu mtoto anatambaa."

"Yatatupa pesa ya kuanzia. Nyingine tutalipa mwezi kwa mwezi. Mtoto kachagua, na kachagua vizuri. Haraka ya nini?"

Haraka ilikuwa ya Msusi. Hakuwa mwanamke bahili, wala hakuwa mjinga, na anayetaka kumwita mjinga aje kwanza akae kwenye kiti chake tangu asubuhi hadi machweo, asuke mpaka vidole vigome kunyooka. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kupinda. Aliiona mikono ya mwanawe ikianza kuchubuka, akaona ni yale yale, mkono wa mama umehamia kwa binti. Alitaka amwone mwanawe amekaa. Basi. Amekaa kwenye kiti kinachozunguka, penye feni, amevaa viatu vya kufunika vidole, watu wanamwambia "samahani dada". Na kiti hicho kilikuwapo, kinamngoja mpaka mwisho wa mwezi ujao tu.

Kesho yake alasiri, wateja wakiwa hawapo na Fundi ametoka kutafuta mnunuzi wa makochi, alimwita Kicheko.

"Njoo nikusuke."

Kicheko akakaa kwenye mkeka, mgongo kwa mama yake, kichwa kikalala nyuma kwenye mapaja. Mama hakugusa nywele.

"Fungua mdomo."

"Mama, nini tena?"

"Raba ya daktari. Ile ile, nimeilinganisha."

"Daktari hakusema tuweke wenyewe."

"Daktari kasema jino linasogea ukilivuta kidogo kidogo. Mwanangu, mimi maisha yangu yote navuta. Nani mjini hapa anajua kuvuta kuliko mimi? Nimewahi kumnyofoa mtu nywele?"

"Hapana."

"Ee. Ukiumia tunatoa. Na baba yako asijue kwanza, tumshangaze."

"Lakini Mama, mimi nilishachagua."

"Umechagua miaka miwili ya mashuka. Mimi nakuchagulia mwezi mmoja. Fungua."

Alikuwa mtu mzima, mwenye kitambulisho na mshahara wake. Lakini pale kati ya magoti ya mama yake alikaa tangu nywele zake za kwanza, na hakuwahi kukataa kitu akiwa amekaa pale. Akafungua. Msusi akaipitisha raba nyuma ya yale meno mawili na kuirudisha mbele, taratibu, kwa ncha za vidole, kama mtu anayemvisha mtoto mchanga soksi.

* * *

Ilifanya kazi. Hapo ndipo pa kulia, kwamba ilifanya kazi!

Siku za kwanza Kicheko alilalamika kwamba anahisi kama nyama imekwama. Kisha akazoea. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini mama yake alimmulika kwa tochi ya simu, na kila asubuhi mwanya ulikuwa umepungua. "Unaona? Unaona?" alikuwa akinong'ona Msusi, Fundi asisikie, akirukaruka kama msichana. Mbele ya baba yake Kicheko alifunika mdomo kwa mkono, na Fundi akadhani ni aibu ile ile.

Asubuhi moja raba haikuwapo.

"Nimeimeza nikiwa usingizini," alisema Kicheko.

"Basi itatoka kwa njia yake," alisema Msusi, wakacheka mpaka wakashikana. Akaweka nyingine. Hiyo nayo baada ya siku kadhaa ikapotea, akaweka ya tatu, na ya tatu ilipopotea hapakuwa tena na haja ya kuweka, kwa sababu meno yalikuwa yamekutana. Kicheko hakuwa amemeza kitu chochote. Lakini nani angekwenda kutafuta raba ambayo imeshamaliza kazi?

Siku wabebaji walipokuja kuchukua makochi, Fundi aliyasindikiza mpaka kwenye gari, akaelekeza jinsi ya kuyafunga kamba yasichubuke. Aliingia ndani na pesa za waya kwenye bahasha, akamkuta binti yake amesimama katikati ya sebule tupu, anatabasamu meno yote nje.

"Hii nini?" aliuliza.

Wakamweleza, wakipokezana maneno. Fundi alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. Hakujua afurahi au la. Kuna kitu cha mama yake kilikuwa hakipo tena usoni pale.

"Twende hata hivyo kwa daktari," alisema. "Akaangalie tu."

"Akaangalie nini, Baba Kicheko? Tumlipe kwa kutuambia kwamba tumeshamaliza?"

"Moyo wangu unasema..."

"Moyo wako unalilia makochi. Kaa chini." Akatazama huku na huku. "Kaa kwenye ndoo."

Wakacheka wote, yeye zaidi. Na pesa zikafanya yale ambayo pesa hufanya zikikosa kazi. Zilinunua sketi nyeusi na blauzi mbili nyeupe za mapokezi, zikanunua viatu vya kufunika vidole, na zilizobaki zikanunua mashine ya kukaushia nywele, ile ya kuvaa kichwani, iliyotumika lakini nzima, ambayo Msusi alikuwa akiiota tangu ujana.

* * *

Meneja alitimiza ahadi yake, hilo nalo lisemwe. Kicheko alikaa kwenye kiti kinachozunguka. Siku ya kwanza, wageni walipopungua, alimpigia mama yake kwa simu ya mezani, akasema, "Karibu sana, nikusaidie nini?" na kila "s" ikatoka safi. Msusi akaweka sauti ya juu wateja wasikie. Akamwambia arudie. Mwanamke aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele akaitoa kichwani ili naye asikie vizuri.

Furaha yao haikumaliza hata mvua za msimu ule. Ufizi wa juu ulianza kuwasha, halafu kuuma, halafu kutoa harufu. Kicheko alipiga mswaki mpaka damu. Alitafuna pipi za mnanaa siku nzima. Siku moja meneja alisimama karibu naye kusaini kitu, akarudi hatua nyuma, na kesho yake Kicheko akakuta ameachiwa kwenye droo pakiti ya dawa ya kusukutua, bila neno. Yule dada wa mapokezi aliyebaki aliona. Safari hii hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini Kicheko alificha. Alimficha baba yake kwa sababu ya makochi, alimficha mama yake kwa sababu mama yake alikuwa na furaha. Meno yale mawili yalianza kuonekana marefu kuliko wenzao, kama yanayotaka kushuka. Msusi alipoyaona, moyo ulimruka, lakini mdomo wake ukasema, "Ufizi unazoea. Sukutua maji ya chumvi." Akaongeza na karafuu.

"Daktari," alisema Fundi.

"Wiki moja tu, Baba Kicheko. Tumpe wiki. Akiomba ruhusa sasa hivi, na ndio kwanza ameanza, watasemaje?"

Wiki ikawa mbili. Siku moja Kicheko aliuma mkate, jino likaenda mbele na kurudi. Aliweka mkate mezani, akaligusa kwa ulimi. Likaenda tena. Hakulia. Alibaki amekaa kwenye kigoda chake anamtazama mama yake, na mama yake akaanza kutafuta viatu.

* * *

Walikwenda wote watatu. Daktari alikuwa yule yule, akawakumbuka.

"Waya mliwekewa wapi?" aliuliza.

"Hatukuweka," alisema Kicheko.

Daktari akatazama mdomoni, akaacha kuuliza. Alipiga picha ya mifupa, akaitazama muda mrefu kwenye kioo cha kompyuta. Alimchoma sindano ya ganzi. Kisha akachukua kindoano chembamba, akakiingiza juu kabisa chini ya ufizi, akatafuta, akavuta. Kitu kikatoka. Akakiweka juu ya pamba, ili wakione. Kilikuwa kijiraba, kimelowa damu na usaha. Akaingiza tena, akatoa cha pili. Cha tatu kilikuwa juu zaidi, kikamchukua muda.

"Nani aliviweka hivi?"

Mdomo wa Kicheko ulikuwa umekufa ganzi. Fundi alitazama sakafu.

"Mimi," alisema Msusi. "Si ulinionyesha mwenyewe? Si ulisema raba inavuta jino?"

"Raba ile tunaifunga kwenye waya, mama! Waya umegandishwa kwenye jino, raba haina pa kwenda. Ukiiweka peke yake inateleza. Jino ni nene huku chini, huku juu kwenye mzizi ni jembamba, basi raba inapanda kufuata wembamba. Inaingia kwenye ufizi. Inakata nyama, inakula mfupa, na wewe huioni." Sauti yake ikashuka. "Hilo sikuwaambia."

"Hukutuambia."

"Niliitwa. Niliporudi nikasahau. Lakini mama, hata mimi, nani angefikiria..."

Walitazamana, wanawake wawili wanaofanya kazi kwa mikono yao.

"Sasa tiba," alisema Fundi. "Tuwekee hizo waya. Ziyashike. Pesa nitatafuta, nitawatengenezea makochi mji mzima."

"Hakuna pa kushikia, baba. Mfupa umekwisha. Yanashikwa na nyama tu." Akaligusa jino moja kwa ncha ya kidole, likalala. "Na tukiyaacha, ugonjwa utaingia kwa jirani zake."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

Kicheko, pale kwenye kiti, aliinua mkono kama mwanafunzi darasani. Midomo yake haikutaka kukaa sawa. "Sasa hivi?" aliuliza.

"Ganzi imeshashika," alisema daktari. "Afadhali sasa hivi."

Hayakuhitaji hata koleo kubwa. Yalitoka kama mbegu kwenye tunda lililoiva mno.

* * *

Meneja alisema pole. Alisema pole sana, akamaanisha. Lakini mapokezi ni uso wa nyumba, Kicheko alishaambiwa. Na kule nyuma? Kule nyuma tayari alishaajiri mtu. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, lakini zizi nalo lilikuwa limeshapata ng'ombe mwingine. "Tukijaa wageni nitakuita, kwa siku," alisema meneja. Akamwomba arudishe blauzi zenye nembo ya hoteli. Kicheko akasema blauzi alizinunua mwenyewe, ni nembo tu ndiyo ya hoteli. Alisema hivyo mkono ukiwa mdomoni, meneja hakusikia vizuri, na kwa kuona aibu kumwambia arudie, akaziacha.

Nyumbani, Msusi aliomba msamaha. Aliomba akiwa amepiga magoti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu. Kicheko alisema, "Nimekusamehe, Mama," haraka haraka, kama unavyomwambia mtu aliyekukanyaga njiani, akainuka kwenda kuanua nguo. Fundi hakupiga kelele. Aliacha tu kumwita mkewe Mama Kicheko. Alimwita "wewe". "Wewe, maji yako wapi?" Na Msusi aliyepata kumjibu kila mtu mtaani alileta maji bila kusema kitu.

Wateja waliuliza binti yuko wapi siku hizi, mbona simu ya hotelini haipigi tena. Aliwaambia yuko likizo. Mashine ya kukaushia nywele aliivika kanga, akawa anakausha vichwa vya watu kwa taulo. Binti mwenyewe alipita kutoka chumbani kwenda uani akiwa amefunga midomo, na mtu akimsalimia alijibu kwa kichwa. Tangu siku ile ya meno hakuna aliyemsikia akicheka, hata Fundi alipojaribu kumchekesha siku moja, alipoanguka makusudi kutoka kwenye fremu ya kochi kama alivyokuwa akifanya zamani. Kicheko alimwinua, akamfuta vumbi la mbao, akamwuliza kama ameumia.

* * *

Daktari ndiye aliyewaelekeza kwa fundi wa meno bandia. Alisema kuna aina kadhaa, wachague. Hakuna aliyechagua, walichukua ya bei ya chini kabisa: kibao cha plastiki cha kuvaa na kuvua, chenye meno mawili mbele.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu kinachonuka plasta. Midomo ya watu iliyofinyangwa kwa plasta ilikuwa imepangwa rafuni, ya juu na ya chini, myeupe. Fundi wa meno mwenyewe alikuwa mzee mchangamfu mwenye vumbi kwenye nyusi. Alimpa Kicheko udongo laini aume, akatoa kadi yenye meno ya weupe mbalimbali, akalinganisha na yale yaliyobaki mdomoni, akapiga mluzi kwa kuridhika.

"Rangi tumepata," alisema. Akachukua penseli. "Sasa nieleze. Niyabananishe, au niache mwanya katikati? Nauliza kwa sababu kuna wanaoutaka. Tena una uso wa mwanya, binti yangu, ungekupendeza."

Fundi makochi alimgeuzia mgongo na kutazama rafu. Msusi alikuwa amesimama karibu na mlango, mkoba ameukumbatia. Kicheko alishusha mkono kutoka mdomoni, mara ya kwanza mbele ya mgeni tangu alipong'olewa, na pale palipokuwa na meno palikuwa na giza. Aliongea polepole ili maneno yatoke sawa, bila hasira yoyote.

"Muulize mama," alisema. "Meno ni yake."

Yule mzee akacheka kidogo, akidhani ni mzaha wa kifamilia, akamgeukia Msusi na penseli yake. Msusi akasema kitu. Midomo yake ilitikisika, ila sauti haikufika hata katikati ya chumba.

"Sijakusikia, mama," alisema mzee. "Nibananishe, au niache?"